Siku moja ufukweni Paje: maji ya bamvua, upepo wa kusi

Saa 11 alfajiri

Kabla ya upepo, maji. Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, inajulikana duniani kwa mchezo wa kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa, na mgeni akishuka tu kwenye gari anauliza upepo. Mwezi wa Agosti upepo wa kusi hauna haja ya kuulizwa. Cha kuuliza ni maji yanajaa saa ngapi. Mwamba wa matumbawe uko mbali, na kati yake na mchanga kuna bahari pana isiyo na kina. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likipwa, sehemu kubwa unaivuka kwa miguu. Likijaa, maji yanagonga mizizi ya minazi na hupati pa kulaza kaiti. Tofauti kati ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4.

Leo ni tarehe 16 ya mwezi mwandamo, kwa hiyo hesabu iko wazi: maji yamejaa saa 10 na ushei usiku huu, yatapwa mwisho saa 4 na nusu asubuhi, yatajaa tena saa 10 na nusu alasiri. Siku za maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, mambo hugeuka: yanajaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri, tena kidogo kidogo, na mtu anaweza kuruka karibu mchana kutwa. Chati za simuni zipo, lakini anayefuata mwezi hahitaji chaji.

Saa 1 asubuhi

Vifaa. Hapa ndipo ajali nyingi zinapozuilika, na ndipo wengi wanapoharakisha.

Kaiti ina nyuzi nne, kila moja kama mita 22 hadi 24. Mbili za mbele zinabeba uzito, mbili za nyuma zinageuza. Kwa kuwa za mbele ndizo zinazovutwa zaidi, baada ya muda hurefuka, na za nyuma zinabaki fupi kuliko inavyotakiwa. Dalili yake ni kaiti inayorudi kinyumenyume na kuanguka yenyewe hata mpini, ile fimbo ya kushikia, ukiwa umeachiwa. Mwanafunzi atadhani kosa ni lake. Dawa: funga ncha zote nne kwenye mnazi mmoja, rudi nyuma, mpini uwe sawa, vuta kwa uzito wa mwili, kisha tazama. Zikipishana hata sentimita 2, hamisha fundo kwenye vikamba vifupi vya mwisho mpaka zilingane.

Halafu kifyatulio cha dharura, kinachoizima nguvu ya kaiti mara moja. Nakifyatua kila asubuhi, kila seti, bila kuamini kwamba jana kilifanya kazi. Mchanga wa Paje ni laini kama unga na unaingia ndani ya mrija wake. Kikigoma mkononi mwako ufukweni, basi kingegomea pia mtu aliyeburutwa. Maji baridi ya bomba, sukasuka mara kadhaa, jaribu tena. Mafuta usitie, yanashika mchanga zaidi.

Kaiti zinajazwa paundi 6 hadi 8 kwa inchi ya mraba. Iliyojazwa nusu inajikunja hewani na haiinuki ikianguka majini. Iliyojazwa asubuhi na kuachwa juani bila kazi, hewa ndani inapanuka, gundi ya vali inalainika, na mchana utasikia tu pssss.

Saa 2

Kipima upepo kinasoma noti 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa. Mtu wa kilo 75 leo ni kaiti ya tisa, yaani mita 9 za mraba. Wa kilo 55, ya saba. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo huwa mwepesi zaidi na watu hao hao wanapanda hadi ya kumi au ya kumi na mbili.

Ukisimama kutazama bahari, kusi inatoka mkono wa kulia na kuingia kidogo kuelekea nchi kavu, kwa hiyo anayeshindwa hurudishwa ufukweni. Hiyo ndiyo neema ya Paje. Ila asubuhi upepo ukiwa bado una upande wa bara, unakuja kwa mikupuo kupitia juu ya mapaa na minazi, na unamsukuma mtu kwenda mwambani. Hapo anayeanza hashuki majini. Anabaki mchangani na kaiti ndogo ya mita 2 au 3, ajifunze saa ya angani: 12 ni juu ya kichwa, 3 na 9 ni pembeni karibu na ardhi. Kati ya 10 na 2 kaiti inatulia. Ikipitishwa chini mbele yako, inavuta kwa nguvu zote.

Kosa la kila mwanafunzi, bila kujali alikotoka: akiogopa anavuta mpini kifuani. Mpini ukivutwa, kaiti inakamata upepo zaidi, naye anaogopa zaidi, anavuta zaidi. Darasa zima la siku ya kwanza ni kuifundisha mikono neno moja: achia. Hatoki mchangani mpaka mikono iachie yenyewe kabla kichwa hakijafikiri.

Saa 4

Maji yamekwenda. Kaiti zimelala, kichwa chini kuelekea upepo na mchanga juu ya kitambaa. Huu ndio wakati ambao wageni hulalamika hakuna cha kufanya, nami huona ni nusu bora ya siku.

Wanawake wa mwani wameshaingia. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Vigingi viwili vinapigwa mchangani, kamba inavutwa kati yake, na vipande vya mwani vinafungwa kwa kikamba chembamba, tai-tai, kimoja shibiri moja kutoka kwa kingine. Ukikaza sana unakatika. Ukilegeza, mkondo unauchukua. Baada ya wiki kama sita unavunwa na kuanikwa. Kuna aina mbili: spinosamu, sugu lakini ya bei ya chini, na kotonii, yenye bei nzuri, ambayo hufa maji yakipata joto. Joto la bahari likizidi kupanda, wakulima wengi wamebaki na spinosamu. Kiungo chake huishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili ziwe nzito, na hapa kijijini wanatengeneza sabuni.

Mgeni anayetaka kuona aende na mwenyeji, asalimie kwanza, asipige picha kabla ya kuomba, na azunguke shamba. Nikipita na kundi huwa ni "Shikamoo bibi," na jibu ni "Marahaba mwanangu, hao wasinikanyagie kamba tu." Nasi wa kaiti tunalo letu: maji yakiwa chini ya kiuno hatupiti juu ya mashamba. Pezi la ubao linakata kamba kama kisu, na kazi ya wiki sita inaelea.

Anayetaka kwenda hadi mwambani avae viatu vya soli ngumu, si ndala. Wale wadudu weusi wa miiba mirefu wamejaa kwenye majani na mawe, na mwiba ukivunjikia ndani hauchimbwi kwa sindano kwa nguvu. Toa unaoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, safisha, na ukivimba nenda kituo cha afya. Na kugeuka ni maji yanapopwa mwisho, si yanapoanza kuonekana yanarudi. Yanarudi kwanza kwenye mikondo, ambayo iko nyuma yako. Kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, usikitoe majini kwa ajili ya picha.

Mchanga uliokauka ni barabara. Baiskeli inafika Bwejuu kaskazini au Jambiani kusini bila kugusa lami, na Jambiani kuna pango la Kuza lenye maji baridi ya kuoga. Ukirudisha baiskeli, mwagia mnyororo maji ya bomba. Chumvi huula upesi.

Saa 6 na nusu

Adhana ya adhuhuri. Wali wa nazi, changu, mchicha. Mgeni anayetoka ufukweni kuingia kijijini afunike mabega na magoti. Kanga moja inatosha.

Saa 7

Saa bora ya siku, na hazizidi mbili. Maji yako gotini yakielekea kifuani, upepo umegeuka vizuri kutoka baharini.

Kurusha kaiti: mrushaji anasimama upande wa nchi kavu, kaiti upande wa bahari, ili chochote kikiharibika iangukie majini. Chini ya upepo kuwe wazi mita 50, yaani urefu wa nyuzi mara mbili: hakuna vitanda, watoto, ng'ombe wala ngalawa iliyotiwa nanga. Kabla ya kunyanyua, mrushaji anafuata nyuzi kwa vidole kutoka mpini hadi kaiti, nyekundu kushoto. Uzi mmoja ukifungwa pasipo pake, kaiti ikiinuka tu inaanza kuzunguka kama pia, na hapo hakuna kurekebisha: fyatua. Gumba juu, kwa aliyeishika kaiti, ni "achia". Kupigapiga kichwa kwa kiganja ni "nataka kushuka, nidake".

Majini mwanafunzi anaanza bila ubao, akiburutwa kwa tumbo. Wengi hudharau hatua hii. Lakini ubao haufungwi mguuni, kwa sababu ukivutika unarudi na kukupiga kichwani. Ukiutupa, njia pekee ya kuurudia ni kujiburuta kuupandia upepo, mkono mmoja umenyooshwa majini mfano wa pezi, zamu kushoto, zamu kulia. Asiyejua hilo atatembea kilomita. Ubao unafuata siku ya pili au ya tatu. Kutoka sifuri hadi kwenda na kurudi mwenyewe, hesabu saa 9 hadi 12 za mwalimu. Anayeahidi saa 3, mwache.

Saa 9 na nusu

Wanaoanza wanatoka wote. Si kwa kuchoka, ingawa wamechoka. Ufukwe umebaki mita chache na maji yanapanda. Kutua kaiti kati ya ukuta wa hoteli na mnazi ni kazi ya wazoefu.

Nao wazoefu ndio wanaingia sasa. Mwambani mawimbi ya kusi yanavunja, na maji yakiwa mengi juu ya matumbawe yanapandika, kwa kaiti au kwa ubao mtupu. Anayekwenda na ubao mtupu apelekwe kwa boti na nahodha anayeujua mlango wa mwamba, na atoke kabla maji hayajapungua. Nje ya mwamba bahari ya Agosti huchafuka kwa mawimbi; kutazama samaki kwa miwani subiri kaskazi, bahari ikitulia.

Asiyeruka anaweza kwenda Jozani, njiani kuelekea mjini, akaone kima punju, au Pingwe kwenye mkahawa ulio juu ya jabali, ambao leo asubuhi ulifikiwa kwa miguu na sasa unafikiwa kwa boti.

Saa 12 jioni

Kila siku kuna anayekaa na soda kusubiri jua lizame baharini. Paje inatazama mashariki. Jua linazama nyuma ya nyumba. Anayelitaka aondoke saa 10 na nusu kwenda Michamvi Kae, upande wa pili wa rasi.

Saa 1 usiku

Kaiti moja inavuja. Mrija wa hewa ulio ndani yake unatolewa, unajazwa hewa kidogo na kupakwa maji ya sabuni. Povu likichemka, zungushia kalamu. Kausha, futa kwa spiriti, bandika kiraka, kandamiza, kiache. Kabla ya kuurudisha, upakae poda ya mtoto uteleze bila kujisokota. Ukijisokota ndani, kesho pampu itajaza nusu tu na hutajua kwa nini.

Watu husema maji huchelewa dakika 50 kila siku. Huo ni wastani. Karibu na bamvua ni kama 40; karibu na maji mafu ni zaidi ya saa nzima. Kesho basi yatapwa mwisho saa 5 na dakika 10, na darasa la saa 7 linasogea hadi saa 8 kasoro dakika 20. Wanafunzi watumiwe ujumbe usiku huu, kabla hawajalala.