Impakti ya betri: nilivyochagua kwa kuanzia kwenye nati

Nilipoamua kuachana na kompresa na hosi yake ili nifanye kazi za gari kwa impakti ya betri, yaani mashine inayofungua na kukaza nati kwa mapigo, sikuanza kutazama mashine. Nilianza na nati. Nilichukua karatasi nikaandika kila bolti ninayoifungua mara kwa mara, ukubwa wa soketi yake, na torki (nguvu ya kuzungushia) ambayo kitabu cha gari kinaagiza. Karatasi hiyo ndiyo iliyonichagulia mashine, na ninamshauri kila anayetaka kununua aanze nayo.

Kwa magari madogo picha huwa hivi. Nati za tairi hukazwa kati ya Nm (Newton-mita, kipimo cha torki) 80 na 130, kwa soketi namba 17, 19 au 21. Bolti za braketi ya kalipa ya breki huangukia humo humo. Bolti kubwa zinazoshika shokamzoba ya mbele kwa chini huanzia 100 na nyingine hupita 200. Nati ya habu (kitovu cha gurudumu), ya soketi 30, 32 au 36, huwa kati ya 180 na 300. Bolti ya puli ya krenki ni kisirani kuliko zote, kwa sababu nyingi hukazwa kwa torki kisha zikaongezwa digrii kadhaa za mzunguko. Zile bolti nyingi za namba 10 na 12 zinazoshika makava na mabraketi hazitaki zaidi ya 10 hadi 30. Nati za lori zenye stadi (ule msumari wa meno unaoshika nati) ya mm 22 hudai karibu 600. Hiyo ni kazi ya mashine yenye mraba (kichwa kinachoingia kwenye soketi) wa robo tatu inchi au inchi moja, na haiingii kwenye mazungumzo haya.

Juu ya namba hizo weka kutu. Nati iliyokazwa Nm 100, ikakaa miaka kwenye maji na matope, inaweza kudai mara mbili au tatu ya hapo kabla haijaanza kutoka. Kwa hiyo mashine ya tairi za gari dogo isinunuliwe kwa hesabu ya 100. Mimi huhesabu 300 halisi, zinazofika kwenye nati yenyewe.

Neno hilo, zinazofika, ndilo kiini cha uchaguzi wote. Boksi la mashine huwa na namba mbili, na tangazo hupenda kuonyesha ile kubwa. Moja ni nguvu ya kukaza, nyingine ni nguvu ya kufungua nati iliyokwisha kukazwa. Chukua Makita DTW300: inakaza Nm 330 na kufungua 580. DTW700 inakaza 700 na kufungua 1,000. Ukilinganisha mashine mbili, linganisha kukaza kwa kukaza. Angalia pia kipimo, kwani zinazolenga soko la Marekani huandikwa kwa futi-pauni, na futi-pauni moja ni Nm 1.356. Mashine ya "700" ya huku na ya "700" ya kule hazilingani hata kidogo.

Hata namba ya kukaza hupatikana kwa soketi fupi, betri kubwa iliyojaa, na sekunde kadhaa za kugonga. Kwenye gari mambo hubadilika, na ukijua mashine inavyofanya kazi utaelewa sababu. Impakti haisukumi nati mfululizo kama mkono unavyovuta spana. Ndani yake mota huzungusha nyundo ya chuma iliyoegemezwa kwenye springi. Nati ikigoma, nyundo hurudi nyuma, hujifyatua, na kupiga masikio mawili ya ule mhimili wenye kichwa cha mraba, kwa kawaida mara mbili kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika. Ni mapigo. Na pigo huliwa na kitu chochote kinachojipinda au kuchezacheza kati ya nyundo na nati.

Ekstensheni (kile chuma cha kurefusha kati ya mashine na soketi) ndefu nyembamba hujisokota kama springi na kurudisha pigo lilikotoka. Kiungo cha kukunja hula nguvu nyingi zaidi. Adapta ya kushusha kutoka nusu inchi kwenda 3/8 hupoteza nguvu, tena huvunjika. Soketi iliyolegea kwenye mraba hupoteza pia. Nimeona mashine kubwa ikishindwa na nati kwenye ekstensheni ya sentimita 25, kisha mashine ya kati ikaitoa kwa soketi ndefu iliyokaa moja kwa moja kwenye mraba. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mashine, fupisha njia. Ikibidi utumie ekstensheni, chagua nene na fupi iwezekanavyo, na bora soketi ndefu moja kuliko soketi fupi na kipande cha ekstensheni. Kwa puli ya krenki kuna soketi maalumu nzito, yenye unene mkubwa kupita kawaida. Ile ya namba 19 inajulikana sana kwa injini za Honda. Uzito wake hubeba pigo badala ya kujisokota, na bolti ambayo soketi ya kawaida iliihangaikia dakika nzima mara nyingi hutoka kwa sekunde chache.

Baada ya karatasi ile, nilichagua mashine mbili badala ya moja kubwa.

Ya kwanza ni ndogo, mraba wa 3/8, yenye Nm 200 hadi 300, na uzito usiozidi kilo moja na nusu pamoja na betri. Hii ndiyo inayoshikwa kutwa nzima: kalipa, braketi, bampa, kinga ya injini, alternata. Katika daraja hili urefu wa kichwa ni muhimu kuliko nguvu. Pima kutoka nyuma ya mota hadi ncha ya mraba, kisha ongeza urefu wa soketi. Ikizidi nafasi iliyopo kati ya kalipa na ukingo wa bodi, haikusaidii hata ikiwa na nguvu za tembo.

Ya pili ni ya kati, mraba wa nusu inchi, inayokaza Nm 400 hadi 700. Inatosha tairi zote za gari dogo na pikapu, shokamzoba, na nati nyingi za habu. Zile kubwa za zaidi ya 1,000 ninaziheshimu, ila nyingi hupita kilo tatu pamoja na betri. Ukiwa umelala chini ya gari, mkono juu, kilo hizo hukuchosha, na mkono uliochoka haushiki mashine sawasawa na nati. Soketi ikikaa upande, kona za nati zinalika. Mashine kubwa inunue kama habu, krenki na chesisi zenye kutu ni kazi ya kila wiki.

Chagua mota isiyo na kaboni (brushless). Za kaboni hutoa cheche, kaboni huisha, na hula chaji zaidi kwa kazi ile ile. Hitaji pia viwango visivyopungua vitatu vya nguvu. Kwa upande wa kufungua, tafuta ile inayojizima yenyewe nati ikishalegea, vinginevyo nati huruka na kupotelea usikokujua.

Sasa betri, ambayo kwangu ni uamuzi mzito kuliko mashine. Mashine utanunua leo, ila betri huamua utanunua nini miaka kumi ijayo, kwa sababu betri ya kampuni moja haikai kwenye mashine ya nyingine. Ukinunua betri umeoa ukoo mzima. Adapta za kuunganisha koo tofauti zipo, na mimi sizitumii: ulinzi wa betri hutegemea mawasiliano kati ya betri na mashine, na adapta nyingi huyakata. Betri hunyonywa hadi chini ya kiwango salama, ikafa.

Usichanganywe na betri za volti 18 na za volti 20. Zote zina seli tano mfululizo, kila moja volti 3.6 za kawaida, jumla 18. Zikijaa, kabla hazijabeba kazi, hufika 20 na ushei. Ni betri ile ile iliyoandikwa kwa namna mbili. Za "12" zina seli tatu, volti 10.8, nazo nyingi zinafaa zaidi kwa raketi na taa kuliko kwa nati za tairi.

Kinacholeta tofauti ni idadi ya seli. Betri ndogo ya ampea-saa 2 ina seli tano tu, na seli hizo hubeba mzigo wote wa mota. Ya ampea-saa 5 kwa kawaida ina seli kumi, safu mbili zinazogawana mzigo nusu kwa nusu. Volti haziporomoki sana mashine inapoanza kugonga, kwa hiyo pigo hubaki zito. Ndiyo maana impakti ile ile hushindwa na nati ikiwa na betri ndogo na kuitoa ikiwa na betri kubwa. Hifadhi nayo hutofautiana: 18 mara 2 ni wati-saa 36, 18 mara 5 ni 90. Mimi huweka ndogo kwenye mashine ya 3/8 ili iwe nyepesi, na kubwa kwenye ya nusu inchi.

Kuhusu betri bandia. Ukiona "88VF", "128VF" au "388VF", fahamu kwamba hizo si volti. Ndani mara nyingi mna seli tano zile zile, volti 18, wakati mwingine za ubora wa chini kabisa. Kwa ampea-saa, tumia mizani. Seli ya mm 18 kwa 65 ina uzito wa gramu 45 hadi 48, hivyo seli kumi peke yake hukaribia nusu kilo, bila plastiki na sakiti. Betri inayodai ampea-saa 5 ikiwa haifiki hata gramu 500, iache hapo hapo. Na seli za ukubwa huo zinazohimili kazi nzito huishia karibu ampea-saa 3 kila moja. Kumi zake hazizidi 6, kwa hiyo boksi la ukubwa huo lililoandikwa 9 au 10 linadanganya.

Soketi lazima ziwe za impakti, zile nyeusi za chuma cha kromu na molibdenamu. Zile zinazong'aa zimetengenezwa kwa kazi ya spana za mkono. Ni ngumu lakini kavu, na chini ya mapigo hupasuka vipande vinavyoruka kama risasi. Vaa miwani hata kwa soketi nyeusi. Chukua zenye kona sita, achana na za kumi na mbili. Kwa rimu za aloi nunua soketi nyembamba zenye ganda la plastiki. Na ile funguo maalumu ya nati za kuzuia wizi usiiguse kwa impakti kamwe. Meno yake hupasuka, na gari hubaki na tairi lisilotoka. Hiyo ifungue kwa mpini mrefu, taratibu.

Katika kufungua, nikigonga sekunde kumi nati isisogee, ninasimama. Kuendelea kunapasha moto mashine na kuchosha stadi. Ninapulizia mafuta ya kupenya kutu, ninasubiri, kisha ninagonga kidogo upande wa kukaza na kurudi kufungua. Nati ikianza kutoka halafu ikawa nzito tena, usiilazimishe moja kwa moja hadi mwisho: kutu imejaa kwenye meno. Irudishe nusu mzunguko, pulizia, endelea.

Katika kukaza ninashika sheria moja bila kuilegeza: kila nati inaanzwa kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ndipo mashine iguse. Nati iliyoingia upande haijitangazi, impakti huifikisha mwisho huku ikiua meno. Tairi ninalifikisha kwa kiwango cha chini kabisa, kwa mfumo wa nyota (nati moja, kisha ya upande wa pili), halafu ninamalizia kwa spana ya torki gari likiwa limegusa chini, na ninarudia kupima baada ya kilomita 50 hadi 100. Usiamini kwamba "kiwango cha kwanza" ni kidogo. Kipime: kaza nati kwa sekunde moja, kisha weka spana ya torki kwenye 60 na uendelee kukaza. Ikilia kabla nati haijasogea, kiwango hicho tayari kimefika 60 au kupita. Nati zilizokazwa bila usawa hupindisha diski ya breki, na dereva huhisi usukani ukitetemeka akifunga breki. Plagi, bolti ya kumwagia oili, kava la valvu na chochote kinachoingia kwenye alumini, impakti isikaribie wakati wa kukaza.

Baada ya mbili hizo, cha tatu nilichoona kinafaa ni raketi ya betri ya 3/8. Ina nguvu ndogo, Nm 40 hadi 80, na kazi yake ni kuzungusha bolti ndefu mahali pembamba, si kuilegeza. Legeza kwa mkono kwanza, na angalia vidole: bolti ikigoma ghafla, mpini ndio unaozunguka. Grainda ya mm 125 inafuata, kwa bolti za eksozi zilizooza. Diski zake huandikwa mwisho wa mizunguko 12,200 kwa dakika. Usivue kinga, na usikate karibu na bomba la mafuta wala betri ya gari.

Utunzaji si mwingi. Betri ikitoka kazini ina moto, iache ipoe kabla ya kuchaji, na usiichaji kwenye baridi chini ya nyuzi 0. Ukiiweka miezi, iache nusu, kwani iliyoisha kabisa huzidi kushuka hadi chaja ikaikataa. Usipulizie dawa ya kusafishia breki kwenye mashine, inakula plastiki. Kinachochakaa kwanza kwenye impakti ni ile pete ndogo ya kwenye mraba inayoshika soketi. Soketi zikianza kudondoka, toa pete kwa bisibisi nyembamba, safisha mfereji, badilisha raba iliyo chini yake na pete yenyewe, na mashine itaendelea.