Nguo ya ibada hupimwa kwa magoti

Suti na tai, au jinzi na shati safi vinatosha? Hoja hii haiishi makanisani kwetu, na karibu kila mara huishia kwenye aina ya nguo: hii ya ibada, ile ya mtaani. Mimi naona pa kuanzia ni kwingine. Kioo cha chumbani kinakuona umesimama wima, mikono chini, umebana tumbo. Ibada haikuachi hivyo hata dakika kumi. Utakaa kwenye benchi, utapiga magoti, utainua mikono, utainamia kikapu cha sadaka, na pengine mtoto atakuwa kifuani anavuta kola. Suti ya bei kubwa inaweza kushindwa yote hayo, na gauni la kitenge la fundi wa jirani likayaweza.

Basi ijaribu nguo Jumamosi jioni, si Jumapili asubuhi watu wakikungoja mlangoni. Kaa kwanza kwenye kiti kigumu. Sketi ya kubana hupanda ukikaa, kwa hiyo inayoishia katikati ya goti ukiwa umesimama itakuacha ukivutavuta pindo mahubiri yote. Mwambie fundi aishushe sentimita 10 chini ya goti. Kisha piga magoti. Sketi ya penseli isiyo na mpasuo haitakubali, na yenye mpasuo mrefu itafunguka. Tiba yake ni mpasuo wa nyuma wa kufunikana, unaoanzia chini ya goti, kitambaa cha upande mmoja kikilalia cha mwingine. Inua mikono yote miwili: blauzi ikiacha tumbo wazi, au shati la mwanamume likichomoka lote kwenye suruali, ni fupi hata kama kifuani limekaa vizuri. Mwisho inama kama anayeokota kitu sakafuni. Wanawake waangalie shingo ya gauni, na wanaume, hasa vijana wa suruali za kiuno cha chini, wamwombe mtu asimame nyuma yao aseme ukweli.

Jaribio la mwanga nalo lisisahaulike. Simama mlangoni jua likiwa nyuma yako. Kitambaa chepesi kinachoonekana kizito chumbani huwa kama chandarua mbele ya mlango wa kanisa saa tatu asubuhi. Shumizi hutibu hilo, au bitana kuanzia kiunoni hadi magotini. Na kwa nguo nyeupe, ya ndani isiwe nyeupe, maana nyeupe chini ya nyeupe hujichora. Chagua rangi iliyo karibu na ngozi yako. Wanakwaya wa blauzi nyeupe wangeambiwa hili kabla ya kushona sare, wangeepuka aibu nyingi.

Sasa suti. Tumezoea kusema "amevaa rasmi" tukimaanisha koti na tai, ilhali urasmi kanisani haukuwahi kuwa na sura moja. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868, walichukua kanzu na joho la watu wa Afrika Kaskazini wakaja nalo hadi Bagamoyo mwaka 1878. Uganda, mwanamume Mkristo anayekwenda ibadani kwa heshima anavaa kanzu na koti juu yake, na mama anavaa gomesi, gauni refu la mkanda mpana kiunoni. Zaire ya Mobutu ilikataza suti na tai, ikashika abacost, koti la kuvaliwa bila tai, hadi 1990. Kwetu tunayo suti ya Kaunda, koti na suruali vilivyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ambayo Bunge la Kenya liliipiga marufuku ukumbini mwaka 2023. Kwa ibada ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa pili, sioni vazi rasmi la mwanamume lenye akili kuliko hilo. Halina tai, halidai shati ndani, mikono ni mifupi, na fundi anaweza kulishona bila bitana. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinamtosha mtu wa wastani. Sisitiza pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi, kwa kuwa polista tupu hufungia jasho ndani, na saa ya pili ya ibada utakuwa unawaza feni.

Anayetaka suti kamili lakini hana fedha ya dukani ataipata mitumbani, Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, ila ajue pa kutazama. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Bega likizidi, fundi itabidi afumue sehemu kubwa ya koti, na gharama inaweza kupita bei uliyonunulia. Urefu wa mikono, urefu wa suruali na kiuno vinarekebishika: geuza suruali, tazama mshono wa nyuma umebakiza nguo kiasi gani. Zikiwepo sentimita 3, fundi anaweza kukuongezea nafasi kiunoni. Tazama pia mapaja kwa ndani na viwiko, ndipo kitambaa huisha kwanza.

Koti hilo ukifika nalo nyumbani, usilitie kwenye beseni. Makoti mengi ya siku hizi yamebandikwa kitambaa cha ndani kifuani kwa gundi ya joto. Maji ya moto na kusuguliwa huiachisha gundi vipande vipande, kifua kikaota malengelenge ambayo pasi haiyatoi. Futa kwapa na kola kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, litundike kivulini kwenye henga yenye mabega mapana, upepo ulipitie. Pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu, la sivyo polista nyeusi itang'aa kama imepakwa mafuta. Kwa pasi ya mkaa, futa chini yake kila mara, na usiipulizie ikiwa juu ya nguo.

Kitenge kina masharti yake. Pisi ya yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu, inatosha gauni refu na kilemba. Kiloweke na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu pamba hunywea, na ikinywea baada ya kushonwa zipu itakunja mgongo. Kwa sare za kikundi, ziwe za WAWATA (wanawake Wakatoliki Tanzania), za Mothers' Union (akina mama wa Kianglikana) au za kwaya, nunueni vipande vyote siku moja duka moja, na mzidishe kidogo: kwa watu 30, chukueni vya watu 33. Mchapo huisha sokoni, na ukirudi baada ya miezi sita rangi haifanani tena, mwanachama mpya ataonekana mgeni katika kila picha.

Kuna siku ambazo liturujia yenyewe inadai kitu mwilini, na hapa ndipo wengi hujikwaa, wa suti na wa jinzi pia. Jumatano ya Majivu na Kipaimara cha Kikatoliki vinahitaji paji la uso lililo wazi, kwa hiyo kilemba kianzie juu ya nywele na wigi lenye nywele za kuning'inia mbele libaki nyumbani. Kipaimara cha Walutheri ni cha kuwekewa mikono kichwani, basi kofia na kilemba kirefu ni tabu kwa mchungaji. Mtoto mchanga wa Kikatoliki anaweza kupakwa mafuta kifuani na kisha utosini: vazi lake lifunguke mbele kwa vifungo viwili, na kofia ivuke kirahisi. Anayeoshwa miguu Alhamisi Kuu, na tangu Januari 2016 wanawake nao wameruhusiwa, asivae soksi ndefu za kubana wala suruali isiyopanda juu ya kifundo. Kwa ubatizo wa maji mengi, wa Wasabato, Wabaptisti na Wapentekoste, vazi jepesi huelea likafika kiunoni, na jeupe likilowa huonyesha kila kitu. Joho la ubatizo lishonwe kwa drili nzito ya rangi iliyokolea, pindoni mwashonewe vyuma vidogo au viroba vya mchanga vilivyofungwa vizuri, kila baada ya sentimita 30 hivi. Leta taulo na seti kamili ya nguo kavu, za ndani zikiwemo. Za ndani ndizo husahaulika.

Kuhusu jinzi nitasema machache. Penye ibada ya vijana inayoikubali, iwe nzima, safi, na yenye mkanda. Pale ambapo suruali kwa mwanamke inakataliwa, kwa kawaida kwa kutumia Kumbukumbu la Torati 22:5, mgeni avae sketi siku hiyo. Kuheshimu nyumba ya watu si kukubaliana na kila tafsiri yao.

Ila kanuni kali ninaziunga mkono kwa wanaohudumu mbele tu: wasomaji, wanakwaya, wahubiri. Jukwaa liko juu, na benchi la kwanza linamtazama msomaji kutoka chini, kwa hiyo urefu unaofaa sakafuni unaweza usifae pale. Mhubiri wa kike anayetumia maikrofoni ya kubandika avae nguo yenye mkanda au mfuko, kwa kuwa kile kisanduku cha betri hakina pa kukaa kwenye gauni lisilo na kiuno. Na mkufu mrefu ukigonga maikrofoni, spika zote zitasikika.

Anayeingia kuketi asipimwe hivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa na wanaume wavue kofia, ile ya 1983 haikuirudia. Yakobo, sura ya 2, anamweka mwenye pete ya dhahabu na maskini wa nguo chakavu mlango mmoja, na anayekemewa pale ni aliyegawa viti. Mama anayekosa ibada kwa sababu hajamaliza mchango wa sare ametolewa nje ya kanisa, hata kama hakuna aliyemfukuza. Kikundi kiruhusu kanga ya rangi inayokaribiana hadi apate, bila kumhoji.

Na aliyekuja na nguo fupi au ya mabega wazi? Wekeni kanga sita safi kwenye sanduku karibu na mlango. Mhudumu wa kike, si mzee wa kanisa, ampe dada huyo moja akiwa tayari ameketi, kwa sauti ya chini: "Karibu dada, chukua na hii ya kujitandia." Aseme hivyo tu. Kanga zifuliwe kila Jumatatu. Na kabla ya kuzinunua, someni jina la kila moja, maana yako mengi ya kusutana, na mgeni asije akafunikwa magoti kwa maneno ya kumsema.