Witley Court: jumba liliungua, bustani ikabaki

Jamani, Witley Court imenigusa sana. Ni jumba la kifahari lililoko Worcestershire, Uingereza, lililoshika moto Septemba 1937 na halikujengwa tena. Leo halina paa wala sakafu. Unasimama ndani unaona mawingu, na madirisha marefu hayana hata kipande cha kioo.

Sasa toka nje upande wa kusini! Bustani hizi zilibuniwa na William Andrews Nesfield miaka ya 1850. Katikati kuna chemchemi kubwa ya mawe: Perseus, shujaa wa hadithi za kale za Kigiriki, juu ya farasi mwenye mabawa anakuja kumwokoa binti mfalme Andromeda, na joka la baharini linatema maji juu kabisa. Enzi zile injini ya mvuke ilisukuma maji hadi kwenye hifadhi ya maji iliyo mahali pa juu, kisha yakashuka kwa nguvu na kuruka kama mita 36. Hebu fikiria, bila umeme!

Nilisogea karibu, upepo ukageuka, nikalowa uso mzima. Nilifurahi kama mtoto.

Kinachoniuma ni miaka iliyofuata moto ule. Wanunuzi wa mabaki waling'oa walichoweza, majani yakameza vitalu vya maua. Serikali ililichukua eneo chini ya ulinzi wake mwaka 1972, na sasa linatunzwa na English Heritage, shirika linalotunza maeneo ya kihistoria ya Uingereza. Chemchemi imekarabatiwa, inaruka tena. Mliopo Uingereza, nendeni, ila ulizeni kwanza maji yanafunguliwa saa ngapi.