Zumaridi na mayai yake: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi

Zumaridi amegeuka rangi. Kijani chake kimekolea hadi kukaribia weusi, na madoa ya buluu na njano yametapakaa ubavuni. Ni kinyonga jike wa Yemeni, wale wenye kishungi kirefu kichwani, na rangi hii ni dalili kwamba ana mayai tumboni. Majike wa aina hii hutaga hata wasipokutana na dume, kama kuku asiye na jogoo, kwa hiyo kila anayefuga jike aandae mahali pa kutagia mapema. Mtu aliyenipa Zumaridi alimfuga pamoja na dume, na jike huweza kutunza mbegu za dume mwilini akazitumia hata kwa mkupuo wa baadaye, yaani mayai ya kutagwa kwa mara nyingine. Basi mayai haya nitayatunza yote.

Nimemwekea ndoo ya mchanga uliooshwa, kina cha sentimita 30 hivi. Unyevu naupima kwa kidole: natoboa shimo, likibomoka naongeza maji. Mchanga mkavu humfanya achimbe na kuacha, achimbe na kuacha, mpaka achoke. Vumbi la kalsiamu lisilo na fosforasi napaka kwenye nyenje wake, na taa ya UVB, yaani ya mionzi kama ya jua inayomsaidia kutumia kalsiamu, haizimwi mchana.

Aprili

Ameacha kula, anazunguka tundu zima na kukwaruza kila kona. Nimefunika tundu kwa shuka na kuchungulia kwa kitobo kidogo tu cha kitambaa. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote: jike akikuona wakati anachimba, anaweza kuliacha shimo na kuyazuia mayai. Mayai yakikwama humuua. Jike anayelala chini mchana, macho yamefumba au yamezama, hasubiriwi hadi kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Ametaga! Alilala humo shimoni, akatoka amejaa mchanga na mbavu zinahesabika, baada ya kufukia na kushindilia vizuri hata usingejua kuna kitu. Nilimnyunyizia maji muda mrefu, akanywa kama hana mwisho.

Mayai niliyafukua kwa kijiko na vidole, nikitia alama ya penseli juu ya kila yai ili nisiyageuze. Yamelala nusu nusu ndani ya vermikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika unyevu), yameachiana nafasi. Vermikulaiti na maji nilipima kwa uzito karibu sawa, ukiikamua isidondoshe. Joto ni nyuzi 26 hadi 28. Watu wengine huweka joto zaidi ili mayai yaanguliwe haraka. Mimi sioni haja ya haraka hiyo.

Juni

Nimeyamulika kwa tochi gizani. Mengi yana mishipa myekundu, kwa hiyo yule dume alifanya kazi yake. Machache yamegeuka manjano, yamenywea na kuota ukungu, hayo nimeyatoa. Yaliyo hai yanavimba kidogo kidogo kwa sababu yanafyonza maji, hivyo naangalia uzito wa boksi na kurudishia maji kandokando, si juu ya mayai.

Kuanguliwa huchukua miezi sita hadi tisa. Wakati huohuo, Zumaridi amerudisha mwili, na sasa nimempunguzia chakula: nyenje wachache, siku si zote, na taa ya joto imeshushwa kidogo. Jike anayeshiba kupita kiasi hutaga mayai mengi mno, na mikupuo mikubwa ya mfululizo humfupishia maisha. Ndoo ya mchanga inabaki tunduni.