Kabla sijamruhusu, nacheza mwenyewe

Mwanangu wa miaka 9 aliniletea gemu yenye alama ya umri ya PEGI 7, yaani inafaa kuanzia miaka 7, akidhani maneno yamekwisha. Alama hizo, zilizoanza Ulaya mwaka 2003, nazithamini sana: zinaangalia ukatili, matusi, vitisho, kamari. Lakini hazipimi ugumu wa gemu, wala hazijui mtoto wangu anaogopa nini.

Basi usiku, alipolala, nikakaa nikacheza saa nzima. Damu hakuna. Ila kila niliposhindwa, kisanduku cha dhahabu kilitikisika katikati ya skrini, sekunde zikipungua, kikinihimiza ninunue kabla muda haujaisha. Kidole changu kilishaanza kukielekea. Mimi, mtu mzima! Halafu nikafungua gumzo la sauti, nikasikia sauti nzito ya mwanamume ikimuuliza mchezaji mwingine ana miaka mingapi. Moyo ulinipasuka.

Gumzo nimelizima, ununuzi nimeufunga kwa nywila, na sasa tunacheza pamoja sebuleni. Jana alishindwa mara nne, akaweka kidhibiti chini, akasema, "Mama, nimechoka, twende nje." Nikavaa viatu haraka kabla hajabadili mawazo.