Siku moja na vinyago vya sentimita nne

Saa 1 asubuhi nimeshafika kibandani, Mwenge, Dar es Salaam. Chai, chapati, kunoa patasi, kazi. Nachonga ujamaa wa mpingo: watu wamepandana mabegani, kama babu alivyochonga wa kimo cha mtu. Wangu una sentimita nne. Patasi ikiteleza mara moja tu, kichwa kimeruka na kazi ya siku mbili.

Saa 3 napiga picha, jua likiwa bado linaingia kwa ubavu, maana mpingo mweusi bila mwanga wa pembeni ni doa tu. Simu nikiishika juu, kinyago kinakuwa kijitu cha kuchezea. Nikiilaza chini, lenzi ikalingana na miguu yake, kinasimama kama mnara. Nyuma nikitandika kitambaa kitupu, hakuna atakayejua ni cha kiganjani au cha sebuleni. Jicho hupima kitu kwa jirani yake.

Saa 5 akapiga simu mama mmoja aliyenunua wiki iliyopita.

"Fundi, mbona umeniletea mtoto wa kile nilichokiona?"

"Shikamoo mama. Kipimo nilikiandika chini ya picha."

"Mimi nilitazama picha!"

Nusu saa nzima. Anataka nusu ya pesa, eti kipande hiki kina mti kiasi gani? Hapo paliniuma. Anahesabu mti, hahesabu siku. Kinyago kikubwa tezo hukimaliza nusu ya kazi. Hiki ni ncha ya patasi, na msasa niliokunja mara nne upite kwapani mwa mtu. Nikamwomba akipeleke dirishani, ahesabu watu.

"Watano."

"Tazama mgongoni mwa yule mama wa chini."

Kimya.

"Kuna mtoto."

"Ndiyo, mama."

Pesa hakuzitaja tena, na asante pia hakusema. Lakini ana haki yake: picha ile niliipiga mimi, simu ikiwa chini, kitambaa kitupu nyuma.

Chakula cha mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Macho yanawaka, shingo imekaza, nami narudia picha zote. Nilianza na sarafu ya shilingi 200, ikang'aa ikameza kinyago. Nikasimamisha njiti ya kiberiti pembeni. Watu sita, mmoja juu ya mwingine, na wa juu kabisa anaifikia njiti shingoni.

Magharibi imenikuta zimebaki kumi na moja.