Kumbukumbu ya mradi: podikasti ya masolo, mashine kuukuu na megabaiti za kuhesabu

Machi, mvua bado

Kurekodi kumesimama. Mvua ya Lubumbashi ikianza kupiga mabati, maikrofoni haina adabu: inachukua mabati kwanza, mzungumzaji baadaye. Mwezi huu basi ni wa mashine, sauti zingoje kiangazi.

Kwa anayeingia leo: naishi Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, mchana nina kazi isiyohusiana kabisa na kompyuta, na jioni ndiyo yangu. Ninaandika blogu, ninatengeneza podikasti ya masolo, yaani mazungumzo, na wazee waliofanya kazi kwenye reli na migodini, na vyote viwili vinaendeshwa na Linux, mfumo huria wa kompyuta, juu ya mashine ambazo watu wengine walishazitupa. Msimamo wangu tangu mwanzo ni mmoja: kitu chochote nitakachotengeneza kiweze kumfikia mtu asiye na intaneti siku hiyo. Hapa kwetu huyo ndiye msikilizaji wa kawaida, na anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni ndiye wa nadra.

Seva ya nyumbani, mashine inayowagawia wengine vipindi na kurasa, ni kompyuta ndogo ya mapajani yenye prosesa ya Atom N270, toleo la 2008, kumbukumbu gigabaiti 1. Prosesa hiyo ni ya biti 32, na hapo ndipo penye mpaka. Debian ndiyo Linux ninayotumia, na toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) kwa mashine za aina hiyo. Nimebaki na Debian 12, ambayo bado inapata marekebisho ya usalama ya muda mrefu hadi Juni 2028. Miaka hiyo inanitosha. Sidhani kama bawaba za kioo zitafika.

Betri yake ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida, kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa, linalookoa mengi, lakini sitaki kulijaribu kila jioni. Nimegawa diski: sehemu yenye vipindi na kurasa inapandishwa (yaani inaunganishwa na mfumo) kwa kusoma tu, na naifungua kwa kuandika pale tu ninapoongeza kipindi kipya. Tangu hapo umeme ukirudi, mashine inaamka yenyewe bila kuuliza maswali.

Neno moja kwa wenzangu wenye kibodi za AZERTY, zile za Kifaransa, maana hapa karibu sote tunazo. Mashine ikikataa kuwaka na ukalazimika kuhariri mistari ya GRUB, programu inayowasha mfumo, skrini yake inadhani kibodi yako ni ya QWERTY, ile ya Kiingereza. Ukitaka mkwaju, bonyeza alama ya mshangao. Ukitaka herufi m, bonyeza mkato. Ukitaka a, bonyeza q. Nimeandika vitufe hivyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa mashine, kwa sababu saa ambayo unavihitaji ndiyo saa ambayo huna kichwa cha kuvikumbuka.

Aprili

Blogu nimeihamishia kwenye Hugo. Naandika maandishi matupu, programu inatoa kurasa za HTML zilizokamilika, basi. Hakuna hifadhidata, hakuna kurasa za kuundwa kila mgeni anapobisha. Lengo langu ni kila ukurasa uingie chini ya kilobaiti 14 baada ya kubanwa. Nambari hiyo nina sababu nayo: tangu 2013 pendekezo la TCP, kanuni za kusafirisha data mtandaoni, ni seva ianze kwa kutuma pakiti 10 kabla ya kungoja jibu la kwanza, na pakiti 10 ni kama kilobaiti 14 na nusu. Ukurasa ukienea humo, unafika kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu mwenye mtandao unaopumua kwa shida, tofauti anaiona kwa macho. Picha nimeziacha nje. Anayetaka picha anabonyeza kiungo akijua uzito wake, maana nimeuandika pembeni.

Kazi iliyochukua jioni nyingi kuliko nilivyotegemea ni mlisho wa RSS wa podikasti. Kwa nje ni faili ndogo ya maandishi inayoziambia programu za kusikiliza kuna vipindi gani. Kila kipindi kinahitaji lebo ya enclosure yenye mambo matatu: anwani ya faili, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake. Hayo hayana shida, skripti inayajaza. Shida ni tarehe. Mashine zangu zimewekwa kwa Kifaransa kama karibu kila mashine ya hapa mjini, na ukiiagiza amri ya date iandike jina la siku na la mwezi, inaandika "lun." na "juin". RSS inataka majina ya Kiingereza yaliyofupishwa, kwa mpangilio ule wa barua pepe za kale. Programu nyingine za kusikiliza zikikuta "juin" hazilalamiki, zinakipanga kipindi popote zinapopenda. Dawa ni kutumia date -R, ambayo inatoa muundo sahihi hata mashine ikiwa ya lugha gani.

Mei, kiangazi kimeingia

Mvua imekwisha, mabati yametulia, narekodi tena asubuhi kabla majirani hawajawasha jenereta.

Mzee niliyemrekodi safari hii aliendesha treni za umeme. Vijana wengi hawajui kwamba njia ya reli ya Katanga, upande wa Likasi kuelekea Tenke, iliwekewa nyaya za umeme tangu miaka ya 1950, enzi ambazo nchi nyingi zilikuwa bado zinachoma makaa. Nilimketisha chumbani kwake, blanketi ukutani, godoro limesimamishwa mlangoni, na maikrofoni ya USB karibu na kidevu. Kabla hatujaanza akauliza:

– Mwana, hii sauti yangu itapita ku radio gani?

– Haipite ku radio, baba. Itapita ku telefone za watu.

Akanyamaza kidogo, akaona ni sawa. Nikampa vichwa vya kusikilizia ajisikie. Akaviweka, akakunja uso, akainua kidole:

– Kuko transfo inalia humu.

Kulikuwa kweli na mvumo mdogo ambao mimi nilikuwa nimeshauzoea. Yeye alikaa miaka mingi ndani ya lokomotivu pamoja na transfoma kubwa, sikio lake halidanganyiki. Nilipofungua rekodi baadaye kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kutazama spektra, yaani picha ya masafa yake, mstari ulisimama wazi kwenye hezi 100, na mwingine mdogo kwenye 200. Umeme wetu ni wa hezi 50. Chuma cha transfoma hutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko, na chaja inaponyoosha umeme nayo hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, ndiyo maana mvumo wa vyote viwili unasikika kwenye 100. Huu uliingia kupitia chaja ya kompyuta ninayorekodia, siyo ile seva. Nilichomoa chaja, tukarekodi kwa betri ya kompyuta peke yake, ukapotea. Sasa ndiyo kanuni: kompyuta inajazwa usiku, asubuhi narekodi bila waya wowote ukutani. Kwa inveta za bei nafuu ni vibaya zaidi, maana mawimbi yao ni ya ngazi ngazi na yanaacha mlio mkali ambao vichujio haviutoi wote.

Mazungumzo yalikwenda mbali. Alieleza namna treni nzito ya shaba inavyosimamishwa kwenye mteremko bila kuunguza breki, na akaiga kwa mdomo sauti ya vali za hewa. Sehemu hiyo sikuigusa hata kidogo.

Nikiwa nahariri nilimkumbuka Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wetu, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Likasi mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville. Mashine za wakati ule zilikuwa mzigo wa gari zima. Mimi mzigo wangu unaenea kwenye mfuko wa plastiki, sina kisingizio.

Juni, habari ya kioski

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, nitapaeleza kwa urefu.

Karibu na soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi) kuna kijana mwenye kioski cha kuchaji simu na kutia muziki kwenye kadi za kumbukumbu. Unampa kadi yako, unamwambia unataka nini, anaijaza. Kila siku watu wanapita kwake, wengi ni mama wa sokoni na madereva. Nilimpelekea vipindi nikamwomba avitie bure kwa anayetaka. Nilikuwa navyo vya Opus, kodeki (njia ya kubana sauti) ninayoipenda kuliko zote: iliwekwa kuwa kiwango mwaka 2012, haina ada, na hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaitumia. Kipindi cha dakika 25 kwa MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde kina megabaiti 24. Kwa Opus ya kilobiti 24, chaneli moja, kina megabaiti 4 na nusu, na sauti ya mtu anayeongea inabaki safi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Niliporudi alikuwa ananingoja.

– Yaya, hii masolo yako haifunguke ku telefone za ba mama.

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Akanionyesha simu ya vitufe. Faili inaonekana, ukiibonyeza hakuna kitu. Simu hizo zinajua MP3 na AMR, Opus hazijawahi kuisikia, na ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya wateja wake. Kwa hiyo kila kipindi sasa kina matoleo mawili: Opus kwa simu za kioo, na MP3 ya chaneli moja, kilobiti 32, sampuli 22,050 kwa sekunde, kwa simu za vitufe. Megabaiti 6 kwa dakika 25. Herufi s inasikika imefifia kidogo, kwa spika ya ukubwa wa sarafu hakuna anayegundua.

Sauti yenyewe inapitia ffmpeg, programu ya kuchakata sauti. Kwanza nakata kila kilicho chini ya hezi 100, maana spika ndogo haziwezi kukitoa na kinakula nafasi bure. Halafu kichujio cha loudnorm kinapandisha ukubwa wa sauti hadi -16 kwa kipimo cha LUFS, kipindi kisikike hata kando ya barabara bila mtu kubandika simu sikioni.

Kijana hakuishia hapo. Alisema wateja wanalalamika kwamba sehemu ya pili inacheza kabla ya ya kwanza, hata majina yakiwa na 01 na 02. Hili lilinifurahisha kulichunguza. Kadi hizo zina mfumo wa FAT32, na simu nyingi za bei ya chini hazipangi faili kwa jina. Zinazicheza kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye orodha ya ndani ya kadi. Ukinakili faili nyingi kwa pamoja, mfuatano unaweza kuvurugika. Kuna programu ndogo ya Linux iitwayo fatsort inayopanga upya orodha hiyo pasipo kugusa sauti. Yeye anatumia Windows, hivyo nimemtengenezea kijiti cha USB kinachowasha Debian ndogo: anachomeka kadi, anabonyeza kitufe kimoja, skripti inanakili, inapanga, inashusha kadi salama. Alipoiona mara ya kwanza aliuliza virusi viko wapi. Nilimwambia virusi vya Windows havina kazi humo, na kuanzia siku hiyo anakitumia hata kwa muziki wake, jambo ambalo sikulipanga ila limenipa heshima pale kioskini kuliko podikasti yenyewe.

Lebo za ndani ya MP3 (kichwa cha kipindi na mengineyo) naziandika kwa ID3 toleo la 2.3, siyo 2.4, maana simu za zamani hazisomi la pili vizuri. Vichwa vya Kiswahili vinatoka sawasawa kwa kuwa hatuna herufi zenye vikofia. Vile vya Kifaransa vilikuwa vinatoa miraba na alama za ajabu, nimeviondoa.

Julai, baridi asubuhi

Nimepata ruta ya mkono wa pili nikaitia OpenWrt, Linux ya ruta. Haina intaneti yoyote. Inatoa waifai uani, na mtu akijiunga anafikia ile seva ya Atom: vipindi vyote, blogu yote, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili ambayo mradi wa Kiwix umeifunga kwenye faili moja ya kusomwa bila intaneti. Watoto wa jirani wamegundua Wikipedia kabla ya wazazi wao kugundua podikasti. Wanakaa kwenye ngazi, mmoja anasoma habari za simba kwa sauti, wengine wanabisha.

Ruta inakula volti 12, basi naiunganisha moja kwa moja na betri ya sola bila kupitia inveta, nikikwepa ule umeme unaopotea kwa kugeuza kwenda 220 na kurudi. Ila betri ya risasi ikiwa inajazwa hufika volti 14 na kitu, na si kila ruta inavumilia. Nimeweka kati yao kifaa kidogo cha kusawazisha volti, na fyuzi karibu na nguzo ya betri. Fyuzi si ya hiari: waya mwembamba ukigusana, betri ya gari ina nguvu ya kuuchoma hadi uwake.

Kilichobaki kabla ya mvua za Novemba: fundi mmoja mstaafu wa Ruashi amekubali kuongea, ila anataka mkewe naye awepo kwa sababu, anasema, mke ndiye anayekumbuka tarehe. Maikrofoni yangu ni ya upande mmoja. Natafuta ya pili, na ikipatikana itabidi nione kama kompyuta inakubali kurekodi USB mbili kwa pamoja bila moja kuchelewa. PipeWire, programu ya Linux inayosimamia sauti, inasemekana inaweza. Jumamosi naanza na maikrofoni ya kuazima.